Kulipia Miaka Ambayo Gari Haliumwi

Shemeji yangu alistaafu jeshini mwaka jana, na kama wastaafu wengi wa Bombo, mji wa kijeshi hapa Uganda, kitu cha kwanza kumjia akilini baada ya kiinua mgongo kuingia benki kilikuwa gari. Si gari la bondi, yaani lililotumika na kuuzwa kwenye yadi za magari kutoka nje. Ya bondi ameshamiliki manne, yote yalishuka Mombasa kutoka Japani yakiwa yametumika miaka kumi na zaidi, na kila moja lilimfundisha jina la fundi mpya. Safari hii alitaka pikapu mpya kabisa, yenye nailoni kwenye viti na kilomita zisizofika hamsini kwenye dashibodi. Bei ilikuwa shilingi milioni 185. Hiyo aliikubali bila kutetemeka. Kilichomtetemesha ni milioni 6.5 ambazo kijana wa mauzo alizitaja mwishoni, kalamu tayari mkononi: "Afande, kwa hizi tunakuongezea waranti ya miaka miwili. Ile mitatu ya kiwandani ikiisha, wewe unaendelea kulala usingizi hadi mwaka wa tano." Akaongeza kwamba bei hiyo ni ya leo tu.

Shemeji akatoka nje akanipigia simu.

Hunipigia mimi kwa sababu nilikaa miaka kumi na moja nikitunza vitabu vya hesabu vya kampuni ya malori pale Malaba, mpakani na Kenya, na anaamini mtu aliyelipia giaboksi nyingi kiasi kile lazima anajua giaboksi hufa lini. Sijui. Ninachojua ni nani hulipa zikifa, na kwa nini mara nyingi huwa ni mwenye gari hata akiwa na karatasi yenye muhuri.

Wengi wetu Uganda hatujawahi kuulizwa swali hili, la kulipia au kutolipia waranti ya ziada, yaani dhamana ya matengenezo. Magari tunayoyajua ni yaliyotumika. Sheria ya 2018 iliyafungia mlango magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, lakini lenye miaka 12 bado linapita Malaba na kusuguliwa kwenye bondi za Nakawa mpaka ling'ae. Waranti yake ni neno la muuzaji na namba yake ya simu. Kwa hiyo siku tukiingia shorumu kununua gari jipya, tunaingia na hofu tuliyoirithi kwenye magari ya zamani, na hofu hiyo ndiyo inayouziwa bidhaa.

Tuanze na umri wa gari. Mashine nyingi huharibika kwa mtindo mmoja. Mwanzoni kuna kipindi kifupi cha vituko: waya uliofungwa vibaya kiwandani, sili iliyokaa upande, sensa iliyokufa ikiwa bado kwenye boksi. Hivyo hujitokeza mapema. Kisha inakuja miaka ya kimya, gari limeshazoea kazi na vyuma vyake bado havijalika. Baadaye uharibifu unapanda tena, maana kila kitu kimezeeka kwa pamoja. Wahandisi huuchora mstari huo na kuufananisha na beseni la kuogea, kwa kuwa umeinuka pande mbili na katikati umelala.

Sasa weka waranti juu ya beseni hilo. Ile ya kiwandani, ambayo kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 100,000, inafunika ukingo wa kwanza, nayo imo ndani ya bei, umeshailipia. Ya ziada inafunika mwaka wa nne na wa tano, yaani sakafu ya beseni. Ukingo wa pili, wa mwaka wa nane na wa kumi, turbo inapoanza kutapika oili na pampu ya dizeli kudai milioni zake, huo shemeji hakuuziwa. Na angeuziwa, angetajiwa bei ya kumrudisha kwa fundi wake.

Marekani, ambako bidhaa hii imeuzwa kwa miongo mingi, shirika la kutetea watumiaji la Consumer Reports liliwahi kuwauliza maelfu ya wenye magari walioinunua. Asilimia 55 hawakuwa wameitumia kwa matengenezo hata mara moja, ilhali bei ya kati waliyolipa ilizidi kidogo dola 1,200. Hakuna siri hapo. Ndani ya bei ya waranti kuna fedha za madai yanayotarajiwa, kuna kamisheni ya aliyekuuzia, kuna faida ya kampuni iliyoibeba. Fedha za madai pekee ndizo zinaweza kukurudia.

Hapo watu hunikatiza. Barabara zetu si za Marekani, wananiambia, gari hapa linachoka mapema. Kweli kabisa. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika wakazi wa Kampala wapige picha za mashimo ya barabarani na kuyaweka mtandaoni kama maonyesho, na kwa siku kadhaa jiji zima likawa jumba la sanaa. Lakini jiulize shimo huvunja nini. Huvunja bushi na boljointi, humaliza shokapu, hupinda rimu, hupasua tairi. Kisha fungua kijitabu cha waranti, si kurasa za mbele zenye picha ya familia inayocheka, bali zile za nyuma zenye maandishi madogo, utafute orodha ya visivyolipiwa. Utawakuta wote wamo humo: bushi, shokapu, tairi, breki pedi, klachi, waipa, batri, chochote kinacholika kwa matumizi. Kinacholipiwa ni kasoro ya chuma au ya utengenezaji. Shimo si kasoro ya utengenezaji, walau si ya utengenezaji wa gari.

Mafuta nayo ni vivyo hivyo. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isiwe na salfa inayozidi sehemu 50 kwa milioni, na injini mpya za dizeli zinategemea usafi huo. Ila kati ya bohari na pampu kuna watu, na baadhi yao huchanganya mafuta ya taa. Nozeli zikifa kwa mchanganyiko wa namna hiyo, gereji ya muuzaji itachukua kidogo kutoka kwenye tangi lako, itapima, na utaambiwa kwamba waranti haihusiki na mafuta machafu. Ushahidi wa ulikoyajaza ni juu yako. (Ndiyo maana mimi bado natunza risiti za petroli kwenye bahasha, na mke wangu bado ananicheka.) Injini iliyomeza maji ya mafuriko ya Bwaise au Kalerwe? Hilo ni jambo la bima kubwa, kama unayo. Bima ni ya ajali, wizi na majanga. Waranti ni ya kasoro. Nimekutana na watu wazima waliosoma ambao walilipia waranti ya ziada wakaacha bima kubwa, wakidhani wamejikinga na yote, huku kwenye kioo wamebandika stika ya bima ndogo ambayo haiwalipi wao hata senti moja.

Ukiondoa bushi, mafuta, maji na vinavyolika, kinachobaki ni vitu vikubwa: injini kwa ndani, giaboksi, difu, kompyuta ya gari, pampu ya stelingi. Hivyo ndivyo vinavyotisha na ni haki vitishe. Lakini ili vilipiwe lazima uwe umefuata masharti ya sevisi, na hapa nina kidonda changu.

Kampuni yetu ilinunua pikapu mbili mpya za wasimamizi, ikalipia waranti ya ziada kwa zote mbili. Mwaka wa nne moja ikaanza kulia giaboksi. Ilikuwa imekaa Juba majuma matatu ikisubiri malori yatolewe forodhani, na kwa sababu hiyo sevisi ya kilomita 75,000 ilifanyika kwenye kilomita 76,400, kwa fundi wa huko huko, kwa oili ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Risiti nilikuwa nayo. Barua ya kukataa dai ilikuwa na mistari minne. Kisha gereji ikatuletea ankara ya kazi ya kuifungua giaboksi, kwani dai likikataliwa, uchunguzi unalipiwa na mwenye gari. Hiyo nayo ilikuwa imeandikwa. Niliisoma siku ile kwa mara ya kwanza, mimi niliyelipwa mshahara kwa kusoma karatasi.

Tangu hapo naihesabu gharama ya waranti ya ziada kwa namna nyingine. Bei yake si milioni 6.5 tu. Ni milioni 6.5 pamoja na tofauti ya kila sevisi kati ya gereji ya muuzaji na fundi wako, kwa miaka miwili ambayo vinginevyo ungekuwa huru. Gari linalofanyiwa sevisi kila kilomita 5,000 na kutembea 25,000 kwa mwaka litarudi kwao mara kumi katika miaka hiyo. Kila mara utatajiwa kitu cha kubadilisha, na utaogopa kukataa kwa sababu ya ile karatasi. Sisemi sevisi yao ni mbaya. Mara nyingi ni nzuri, na kitabu chenye mihuri yao husaidia siku ya kuuza gari. Lakini mafundi wa Kisekka, soko la vipuri na gereji pale Kampala, siku hizi nao wana mashine za kusoma kompyuta ya gari, na wengine walifunzwa kwenye gereji hizo hizo kubwa. Usiwalinganishe na yule aliyekuwa akisikiliza injini kwa bisibisi sikioni.

Halafu kuna neno dogo ambalo wauzaji hulitamka haraka: "au". Miaka mitano au kilomita 150,000, kinachotangulia. Neno hilo ndilo linaloamua thamani yote. Chukua mfanyabiashara anayekwenda Arua na kurudi Kampala kila wiki. Ni karibu kilomita 500 kwenda tu, kwa hiyo anakula elfu moja kwa wiki, elfu hamsini kwa mwaka. Waranti ya kiwandani inamwishia mwaka wa pili, na ile ya ziada inakufa mwishoni mwa wa tatu. Amelipia miaka miwili akapata mmoja. Mchukue sasa mtumishi wa umma anayetoka Ntinda kwenda Nakasero na kurudi, labda kilomita elfu saba kwa mwaka pamoja na safari za Krismasi. Mwaka wa tatu ukiisha gari lake lina kilomita 21,000. Miaka miwili anayoongezewa itafunika kilomita elfu kumi na nne za gari ambalo bado linanukia shorumu. Wa kwanza anaibiwa na kilomita, wa pili anaibiwa na kalenda. Anayepata haki yake ni yule aliye katikati, wa kilomita elfu ishirini na tano hadi thelathini kwa mwaka, na hata yeye anabaki na ile sakafu ya beseni.

Nilimuuliza shemeji atatembea kiasi gani. Bombo hadi shamba lake la Nakasongola mara mbili kwa mwezi, Kampala mara moja kwa wiki, harusi na misiba. Tukapata kama elfu kumi na mbili kwa mwaka. Yuko upande wa kalenda.

Swali lililofuata lilimkera kidogo: nani hasa anaahidi? Kuna waranti ya ziada inayobebwa na mtengenezaji mwenyewe, ambayo hata ukiharibikiwa Kigali ina nafasi ya kutambuliwa. Kuna inayobebwa na muuzaji wa hapa, yenye nguvu ilimradi mlango wake uko wazi. Na kuna ya kampuni ya tatu, muuzaji akiwa dalali tu. Kijana wa mauzo alisema "ni yetu", jibu ambalo linaweza kuwa lolote kati ya hayo matatu. Ahadi ya miaka mitano ni ndefu katika soko letu. Mwaka 2017 General Motors iliuza hisa zake za Afrika Mashariki kwa Isuzu. Januari 2023 CMC Motors, jina ambalo wazazi wetu walilikuta, ilitangaza kufunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Kampuni kubwa huondoka kwa utaratibu na mara nyingi mwingine huchukua chapa, lakini mwenye karatasi ya muuzaji aliyeondoka ataanza upya kujieleza kwenye kaunta asiyoijua. Kama nyuma ya waranti kuna kampuni ya bima, hiyo ni afadhali, kwa kuwa ipo Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ambako mtu anaweza kupeleka malalamiko.

Sheria nayo ina la kusema bila waranti yoyote. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya 2017 inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake, kwa hiyo giaboksi inayokufa mwezi wa nne ina mlango mwingine wa kugonga. Na kwa madai madogo, taratibu za mahakama zilizoanzishwa mwaka 2011 ziliruhusu mtu kudai hadi milioni 10 mwenyewe, bila wakili. Giaboksi ya pikapu mpya inaweza kuzidi hapo. Ndiyo hivyo.

Tukaja kwenye pesa. Milioni 6.5 zikilipwa leo, zinanunua ulinzi unaoanza miaka mitatu ijayo. Katikati zinakaa kwa mtu mwingine. Zikikaa kwako, kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaolipa hata asilimia 10 kwa mwaka, siku waranti ya kiwandani inapoisha zitakuwa zimefika milioni 8.6, na mwisho wa mwaka wa tano milioni 10.4. Bondi za serikali zimekuwa zikilipa zaidi ya hapo. (Ni jambo la kuchekesha kwamba neno hilo moja, bondi, hapa kwetu ni mahali pa kupotezea pesa na pia pa kuiongezea.) Na kama waranti imeingizwa ndani ya mkopo wa gari, kwa riba ya asilimia 18 kwa miaka minne, utakuwa umeilipia zaidi ya milioni 9 mpaka unamaliza. Hilo silo kosa la shemeji, yeye analipa taslimu, lakini ndivyo wengi wanavyouziwa: "Ni laki mbili tu kwa mwezi."

Niliona nimeshinda hoja. Ndipo dada yangu, mke wake, akachukua simu. Alikuwa amesikia yote.

"Kaka, hizo milioni sita na nusu zitakaa wapi?"

Nikarudia: kwenye mfuko, zinazaa.

"Kwa jina lake?"

Kwa jina lake.

"Basi hazitafika mwaka wa tatu. Mwezi wa nane mtoto wa kaka yake ana kwanjula, ile sherehe ya utambulisho ukweni. Januari karo. Wewe mwenyewe mwaka juzi uliazima za paa la choo."

Sikuwa na jibu, na sidhani wataalamu wa fedha wanaoandika juu ya jambo hili wanalo. Hesabu yangu inamchukulia mtu kana kwamba yeye ni benki. Waranti ya ziada, pamoja na ubovu wake wote, ni pesa ambayo mjomba hawezi kuazima. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo huduma halisi inayonunuliwa, na inaweza kuwa na thamani. Mtu mwenye akiba inayopitiwa na kila msiba, ambaye ankara moja ya milioni 12 ingemlazimisha auze gari lenyewe, ana sababu ambayo mhasibu wa malori hawezi kuifuta kwa asilimia.

Kwa hiyo nilipunguza ukali. Ningeinunua, nilimwambia dada, kwa masharti. Iwe ya mtengenezaji. Itaje visivyolipiwa na kulipia vyote vingine, kwa sababu ile inayotaja vinavyolipiwa huwa na orodha fupi kuliko inavyoonekana. Iende na gari likiuzwa. Iruhusu kuchelewa sevisi kwa kiasi kilichoandikwa, si kwa huruma ya mtu wa kaunta. Iseme nani analipa kulivuta gari kutoka Nakasongola. Na jambo ambalo kijana wa mauzo hakulitaja: waulize kama inaweza kununuliwa baadaye, kabla ile ya kiwandani haijaisha. Kuna wauzaji wanaoruhusu. Ukisubiri miaka miwili na nusu utakuwa umelijua gari lako, utajua kilomita zako, na utajua kama muuzaji mwenyewe bado yupo. "Bei ya leo tu" ipo ili usisubiri.

Shemeji alirudi ndani. Alilipa gari, hakulipa waranti, akasema atairudia akishasoma kijitabu kizima, si kile chenye kurasa nne za picha. Kijana wa mauzo akaonekana kushangaa kwamba kuna mtu anakitaka. Akasema atakituma kwa barua pepe jioni ile ile, na kwamba kwa heshima ya afande bei ya leo itasubiri hadi Ijumaa.

Pikapu imeshafanyiwa sevisi ya kwanza. Kijitabu bado hakijaja.